Dohani ya Mwalimu

Mwalimu alizikwa Kiptere Jumamosi moja ya manyunyu, na mshereheshaji, kijana mwenye kipaza sauti kilichopiga mluzi kila akigeuka, akaanza kusimamisha watu kwa makundi. Wakwe wasimame tuwaone. Wakwe wakasimama. Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu: nusu ya hema ikasimama. Familia, majirani, watu wa kanisa, watu wa kituo cha majani chai, mmoja mmoja wakajulikana wao ni nani kwa marehemu. Mwishowe akasema kama kuna mtu hatujamtaja naye asimame, maana hakuna aliyekuja hapa bila sababu. Niliwahesabu ambao hawakuwa wamesimama hata mara moja. Tulikuwa wawili. Nikahesabu tena, kwa sababu ndivyo nilivyo, na bado tulikuwa wawili: mimi, na mwanamume mmoja aliyekuwa amelala. Yeye alikuwa na sababu ya kutosimama. Chebet, binti wa marehemu, alikuwa mbele kabisa na mume wake, amevaa miwani, mjukuu mapajani, na alipogeuka kutazama nyuma niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Viatu nilivyovaa siku hiyo havina kamba.

Ningesimama ningesema nini? Mimi ni yule aliyesafisha dohani. Watu wangecheka, na pale Kiptere nusu yao wangeuliza dohani ni kitu gani, kwa sababu neno hilo lilikuwa la Mwalimu peke yake. Sisi wote tulisema chimni. Leo nina duka Kericho, nauza mabomba na hita za sola, nina vijana wanaopanda paa kwa niaba yangu, na mteja akiingia dukani namsoma kabla hajafungua mdomo. Lakini mwaka wa tisini na tano sikuwa na duka. Ya nyumbani kwetu Sotik nayaacha, kila mtu alizaliwa mahali. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na chumba kimoja nyuma ya posho mili, mahali ambapo unga ulipenya chini ya mlango hata ukiziba kwa gazeti. Asubuhi niliamka mweupe, jioni nikarudi mweusi. Mwenye mili aliniambia kwamba katikati ya mchana, nikiwa nusu kwa nusu, ndipo ninapofanana na binadamu.

Kazi yangu ilikuwa masizi. Mtu ambaye hajalala Kericho mwezi wa Julai hawezi kujua kwa nini kila nyumba yenye heshima ilijengwa na mahali pa moto. Ukungu unashuka kutoka kwenye majani chai unaingia hadi ndani ya blanketi. Nyumba za mabwana wa shamba zilikuwa na chimni mbilimbili, hosteli zilikuwa nazo, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kuni busta, lile pipa la kuchemsha maji ya kuoga kwa kuni, nalo lina bomba lake la moshi. Wote walichoma bulugamu, ule mti wa mkaratusi, na wengi waliichoma mbichi kwa sababu hawakuwa na subira. Bulugamu mbichi ina utomvu, na utomvu ule hupanda na moshi ukaganda ndani ya chimni kama lami. Ukiuacha, siku moja unashika moto wenyewe, na chimni inanguruma kama lori linalopanda mlima. Nilikuwa na fito sita za mwanzi zilizounganika kwa vyuma, brashi ya waya niliyotengenezewa na fundi wa jua kali, na mnyororo uliofungwa ndani ya gunia wa kushusha kutoka juu. Fito nilizihesabu nikiingia na nikitoka, mara mbili kila safari. Kipande kikibaki huko ndani, moto wa wiki ijayo utakikumbuka kabla yangu. Bei nayo sikuwahi kuitaja kwanza. Niliacha mwenye nyumba aseme, kisha nikatazama paa lake kwa huruma, kama daktari anayetazama mguu, hadi akaongeza mwenyewe.

Chebet nilimpata hosteli. Ilikuwa hosteli ya kanisa ambayo wasichana waliosomea taipu na uhasibu walikaa, na siku niliyoitwa kusafisha chimni ya ukumbi, matroni alimwacha yeye anilinde nisiibe. Alikaa kwenye kiti na kitabu chake, hasomi. Aliniuliza nitaanzia wapi. Nikamwambia nitabanda juu ya baa.

"Baa iko kule stendi," akasema. "Utasafisha chimni ukiwa baa?"

Ni ulimi wetu sisi Wakipsigis, b na p kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Yeye pia ni Mkipsigis, lakini alikuwa mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, na kwao herufi zilitenganishwa mapema kama wavulana na wasichana. Nilipomaliza kazi alinishikia kiganja mbele ya mdomo, karibu hivi, bila kujali masizi. "Sema paa. P ya kweli ina upepo. Nisikie upepo." Nikasema. "Hiyo bado ni baa. Tena." Sijui nilisema mara ngapi, na hilo ni jambo la ajabu kwangu. Najua tu kwamba mwisho alisikia upepo, na kiganja hakukiondoa mara moja.

Baada ya hapo kila Jumapili mchana tulikula katika hoteli moja nyuma ya soko, meza ya pembeni, chapati na maharagwe, na chai tuliyoagiza kikombe kimoja kikubwa na kingine kitupu tukagawana. Mwenye hoteli alituita "kampuni". Chebet alicheka kwa pua. Alikuwa akikata chapati vipande vilivyoonekana sawa, na mimi nikivipima kwa macho kuona nani amepunjwa, na daima nilikuta amejipunja yeye. Mwezi wa Juni, mvua ya mawe ikigonga mabati hadi ikabidi tuongee kwa midomo karibu na masikio, alisema, "Disemba nikifunga, nitawaambia nyumbani. Halafu ulete watu wako."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba kuna mtu."

"Mtu wa kazi gani?"

Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Hiyo tutaona," akasema. Niliiacha ikapita. Katika biashara mtu akikuambia tutaona, unajua hajakataa na hajakubali, na mimi wakati ule nilihesabu kwamba kutokataa ni faida.

Mwezi wa Agosti mwanamke mmoja mwenye duka Kiptere alikuja kusaga mahindi akaniulizia. Kuna mwalimu huko kwao, akasema, amejenga nyumba ya mawe kwa bonasi ya chai ya miaka miwili, ina mahali pa moto sebuleni na pa pili chumbani, yaani kuta zimepeana mgongo. Ilikuwa nzuri mwanzo. Sasa moshi unarudi ndani, na Jumapili wageni wa kanisa wanakuja, mama mwenye nyumba hana raha. Alipotaja jina la Mwalimu nilijua ni kwao Chebet. Mwenyewe alikuwa huko nyumbani, likizo. Ningeweza kusema nina kazi nyingi. Lakini niliwaza hivi: wataniona nikifanya kazi yangu, na kazi yangu naijua, mkwe anayeondoa moshi nyumbani si hasara. Niliipiga hesabu hiyo mara mbili na mara zote mbili ilitoka sawa. Hesabu ikiwa na kosa lilelile mara mbili, hutoka sawa.

Nyumba ilikuwa ya mawe yaliyochongwa, simenti ya katikati imepakwa rangi nyeusi. Sebuleni kulikuwa na makochi saba, kila moja na kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono mgongoni na vingine viwili mikononi, kalenda ya kiwanda cha chai, saa ya ukutani iliyosimama, na picha ya Mwalimu akiwa amevaa joho. Harufu ya moshi wa zamani ilikuwa imekaa ndani ya vile vitambaa. Mama Chebet alikuwa mwembamba, mwenye macho ya haraka, na nilijua papo hapo nimekutana na mwenzangu.

"Fundi, taja," akasema.

"Mama, wewe ndiye mwenye nyumba."

"Na wewe ndiye mwenye brashi. Mimi naweza kujua bei ya brashi?"

Tuliendelea hivyo hadi Mwalimu akatoka chumbani na gazeti, akatuambia tunamchelewesha Yesu, tukapatana. Akaniuliza nitafanyaje. Mbele yake, na kiganja cha Chebet hakipo, ulimi ulirudi kwao. Nikasema nitaanza chini, halafu nitabanda juu ya baa.

"Baa hatuna, kijana. Sisi tumeokoka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesahihisha watoto maisha yake yote, na mkono ukizoea jembe haukai. "Ni paa. Na hicho unachosafisha kinaitwa dohani. Sema dohani."

Nikasema dohani, d ikaja kama t. Akarudi kwenye gazeti lake. Ndipo Chebet alipoingia na themosi.

Nimefikiria sana uso wake wa wakati ule, na baada ya miaka yote hii bado sijaweza kusema ulikuwa na nini. Aliniona. Vikombe viligongana kwenye treya. Akamimina ya baba yake, ya mama yake, kisha akachukua kikombe cha plastiki kilichokuwa pembeni na kusema, "Karibu chai, fundi. Nimekuwekea nje kwenye benchi." Nilikwenda nje kwenye benchi. Chai ilikuwa nzuri, ya maziwa mengi. Pale nje nilimkuta Kogo, bibi yake Chebet, mama mzazi wa Mwalimu, mwanamke mdogo aliyejikunja ndani ya shuka. Aliniamkia kwa lugha yetu, akaniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia Sotik. Akaniuliza kama kweli nitatoa kila kitu kilicho ndani ya chimni.

"Kila kitu, Kogo. Ndiyo kazi."

"Hata kitu ambacho hakijaharibika?"

Nikacheka. Nikamwambia kwenye chimni kila kitu kimeharibika. Hakucheka. Alinionyesha mahali penye nyasi fupi kando ya jiko jipya, akasema hapo palikuwa na jiko lake la nyasi, lilibomolewa nyumba hii ilipojengwa, kwa sababu mke wa mwanawe hataki watu wanukie moshi. Sasa wanapikia makaa na stovu. Alisema hivyo tu, kama mtu anayekueleza njia.

Sebuleni nilitandaza magunia ya mbolea, nikafunika makochi kwa shuka za zamani nilizopewa, nikafunga gunia jingine kama pazia mdomoni mwa moto, nikaingiza kichwa na tochi chini yake. Juu, pale koo la chimni linapobana, niliona kitu cheusi, kinene, cha mviringo. Kiota, nikajiambia, au donge la masizi. Desturi yangu ni kutazama mara ya pili kwa kioo kidogo ninachokiegemeza ukutani, kwa sababu tochi ikitoka chini hudanganya. Nilikuwa nakitoa kioo mfukoni niliposikia watu wakiongea karibu kabisa na sikio langu.

Mtu ambaye hajawahi kuingiza kichwa ndani ya chimni ya vyumba viwili hajui kwamba ina masikio. Mioto ya sebuleni na ya chumbani ilitumia koo moja, na maneno ya chumbani yalipanda yakageuka yakanishukia.

"Mama, huyo fundi mmemtoa wapi?"

"Kericho. Unamjua?"

"Aliwahi kufanya kazi hosteli."

"Mbona vikombe viligongana ulipoingia na chai?"

"Themosi ilikuwa nzito."

"Chebet. Mimi ndimi nilikuzaa. Matroni wenu aliniambia kuna kijana mnakula naye sokoni. Si huyo?"

Nilizima tochi, sijui kwa nini. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya jivu, kichwa ndani ya ukuta wa nyumba yao, nikingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani yakisomwa.

"Mama, huyo ni fundi tu."

Ile t ya "tu" aliitamka safi kabisa. Baba yake angejivunia. Nimeambiwa maneno mabaya katika biashara, nimeitwa mwizi na mtu aliyekuwa ananiibia, lakini hakuna neno lililowahi kunikaa kama lile la herufi mbili. Tena ulikuwa ukweli. Nilikuwa fundi. Kabla ya hapo sikujua kwamba kuna kitu kingine ambacho fundi anaweza kuwa amepungukiwa.

Nilirudisha kioo mfukoni bila kukitumia. Nisingeweza kubaki pale chini nikisikia zaidi. Nikatoka, nikapanda paa, p yenye upepo au isiyo na upepo, na nikateremsha ndani ya chimni ule mnyororo wa gunia. Nikausikia umegusa kitu. Siku nyingine ningeuinua, nikashuka, nikaangalia. Siku hiyo niliuinua nikauachilia kwa nguvu.

Mlio uliotoka chini haukuwa wa kiota. Masizi hayalii. Huu ulikuwa mlio mkavu wa kitu kitupu kinachopasuka, kisha kishindo, kisha sauti ya mwanamke mzee ambaye hakupiga kelele, alisema tu "Ee" kwa muda mrefu.

Niliposhuka pazia la gunia lilikuwa limeng'oka. Masizi yalikuwa yamefika hadi kwenye kalenda. Vitambaa ambavyo shuka hazikuvifunika vilikuwa vyeusi. Kogo alikuwa amepiga magoti palepale nilipopiga mimi, anaokota vipande vya kibuyu na kuviweka kwenye mapaja yake, na pembeni yake kulikuwa na kibuyu cha pili, kizima, mkanda wake wa ngozi wenye shanga umeungua kidogo. Vilikuwa sotet, vile vibuyu vyetu vya maziwa, vipya. Fundi aliyejenga alikuwa ameacha nondo moja imekatiza ndani ya koo, na Kogo, ambaye jiko lake lilibomolewa, alikuwa ameona hapo ndipo mahali pekee katika boma lote palipobaki na moshi. Kibuyu kipya kina uchungu. Kinataka moshi wa miezi kabla hakijatiwa maziwa. Alivitundika, na moshi ukakosa njia, ukarudi sebuleni, na wote wakamlaumu aliyejenga.

Mwalimu, mkewe na Chebet walikuwa wamesimama mlangoni. Mama Chebet ndiye aliyeongea.

"Mama, ni wewe uliweka hivi vitu kwa chimni?"

Kogo alijibu kwa lugha yetu, akitazama vipande. Alisema ni vya wageni wa Chebet. Mtoto alimwambia Disemba kuna watu wanakuja kumwomba, na haiwezekani watu waje kuomba msichana halafu wapewe soda.

"Wageni gani?" akasema Mama Chebet. Hakumgeukia Kogo. Alimgeukia Chebet, na Mwalimu naye akamgeukia Chebet, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nje na mnyororo mkononi, mweusi hadi kwenye meno. Hatukuwa mbali. Kama angenyoosha mkono angenigusa. Nilijua, na yeye alijua, kwamba neno moja lilitosha, na hata wakikataa lingekuwa limesemwa.

"Kogo siku hizi anasahau," Chebet akasema. "Anachanganya mambo."

Kogo aliinua kichwa akamtazama mjukuu wake. Hakumtazama kwa hasira. Kisha akashika ukingo wa mahali pa moto akainuka polepole. "Kweli," akasema. "Nasahau."

Mimi nilianza kuhesabu fito zangu. Zilikuwa sita.

Kuna watu wanaosema aibu ni kitu cha kuonwa na wengine. Nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu, Mungu amlaze, na naona aibu yenyewe hasa ni ile ambayo hakuna aliyekuona nayo. Pale hakuna aliyenilaumu. Mwalimu alisema ajali ni ajali. Mama Chebet aliniwekea malipo mkononi, akaongeza juu ya tulichopatana kwa sababu ya usumbufu, na nikayaingiza mfukoni bila kutazama, mimi. Yeye na Chebet wakakusanya vitambaa wakaenda kuviloweka nyuma. Nilifagia, nikaosha sakafu mara mbili, nikasafisha koo hadi moshi wa karatasi ukapanda wima. Nilipokuwa nafunga mzigo Kogo aliingia na kile kibuyu kizima chini ya shuka.

"Wewe unajua mahali moshi unapita," akasema. "Nitundikie mahali ambapo hakitauzuia."

Kuna kibao ndani ya chimni, nyuma ya koo, ambapo moshi huzunguka kidogo kabla ya kupanda. Nilikifunga kibuyu huko kwa waya, kando, mtu asingekiona hata kwa tochi. Alinishikia ndoo. Nilipotoa kichwa alinitazama muda, akapangusa kitu kwenye shavu langu kwa ncha ya shuka, akaona haitoshi akaacha.

"Disemba si mbali," akasema.

"Si mbali, Kogo."

Chebet alikuja chumbani kwangu nyuma ya posho mili shule zilipofunguliwa. Mili ilikuwa ikinguruma, ikabidi tuongee kwa nguvu maneno ambayo si ya kuongewa hivyo. Hakukaa. Alikuwa ameshika mkoba mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Ungesema kitu," akasema. "Ulikuwa umesimama pale. Ungesema, ni mimi."

"Nyumba ilikuwa ya nani? Wewe ndiye ungesema."

"Ungenipelekea habari kwamba unakuja. Nilikukuta tu hapo na magunia ya mbolea, mbele ya baba."

"Hayo magunia hukuyaona hosteli?"

Alisema pole, na nilijua imetoka mbali. Akasema Disemba bado iko. Nilete watu wangu, yeye atasimama mbele ya wote aseme. Hapo ningesema ndiyo. Ingetosha. Lakini nilikuwa mtu ambaye hajawahi kutaja bei kwanza, na niliona huyu naye anataka nishuke. Nikamwambia aseme kwanza, nyumbani kwao, jina langu na kazi yangu, kisha anitumie habari, ndipo nitaleta watu. Siwezi kubeba wazee wangu kutoka Sotik waje waambiwe wamepotea nyumba.

"Njoo, nitasema," akasema.

"Sema, nitakuja."

Tulirudia hivyo. Mtu wa mili alizima mashine kupakia magunia, na ghafla tukajikuta tunapigiana kelele katika kimya. Akatoka. Jumapili iliyofuata nilikwenda hotelini nikakaa kwenye meza ya pembeni, na mwenye hoteli akaniuliza kama kampuni imefungwa.

Bonasi ililipwa, watu wakanunua mabati na makochi, busta zikaongezeka, nikapata kazi hadi Bomet. Disemba ikaja. Sikupata habari kutoka Kiptere, na Kiptere haikupata habari kutoka kwangu. Siku za Krismasi nilikuwa Sotik, na wazee wangu, ambao nilikuwa nimewaambia mapema wajiandae, waliniuliza mara moja tu, kisha wakanionea huruma wakaanza kuongea mambo ya ng'ombe.

Februari nilikuwa nikinywa chai Kericho na fundi mmoja wa mbao tuliyejuana kazini, mtu wa maneno mengi. Alikuwa akijisifu kwamba mwaka mpya ulimwanzia vizuri. Aliitwa Kiptere kurekebisha milango ya nyumba fulani ya mawe iliyovimba kwa mvua, na ile kufika tu, kabla hata hajatoa randa, bibi mmoja mzee alimshika mkono akamkalisha kwenye kochi, sebuleni, kwenye kitambaa cheupe, na nguo zake za kazi.

"Nikamwambia, Kogo, mimi ni fundi. Akaniambia najua, hata yule ni fundi. Akaniuliza, wewe ndiye wa Chebet? Nikasema mimi ni wa milango. Halafu akaleta kibuyu, bwana. Mursik, maziwa yaliyoganda sawasawa. Amekitunza tangu Krismasi, hajamwonjesha mtu. Akasema, basi kunywa wewe, huyo mwingine amechelewa."

Nilimuuliza maziwa yalikuwaje.

"Hayo hupati mjini. Kibuyu kimekolea moshi, hakina uchungu hata kidogo."

Nilimuuliza kama aliyamaliza. Akasema aliyamaliza, na Kogo akainamisha kibuyu akamtolea kikombeni yaliyobaki kwenye kitako.